Maji ya mshipani: Tiba inayookoa na inayoweza kuangamiza

NI tiba chache zilizozoeleka hospitalini kama chupa ya maji inayoning'inia kando ya kitanda cha mgonjwa. Jamaa anayefika wadini na kumkuta mgonjwa wake ametundikiwa maji hupata faraja, akiamini kwamba matibabu yameanza. Asipoiona chupa hiyo, huanza kuuliza kwa nini mgonjwa wake ametelekezwa.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika mabara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, ukiwemo ule mashuhuri uliohusisha hospitali ya Kilifi katika Pwani ya Kenya, umebainisha kwamba maji hayo ni dawa kama dawa nyingine. Yana kipimo chake, wakati wake na madhara yake. Yakipungua, damu haifiki kwenye figo na ubongo ipasavyo. Yakizidi, mapafu hujaa maji, utumbo huvimba na kidonda cha upasuaji huchelewa kupona.

Kwa sababu hiyo, swali linalowakabili madaktari na wauguzi si kama mgonjwa atundikiwe maji tu, bali ni maji gani, kiasi gani, kwa kasi gani na hadi lini. Swali la pili linaambatana na hilo: ni dalili zipi zinazoonya mapema kwamba hali ya mgonjwa inaelekea kuwa mbaya?

Maji ndani ya mwili

Mwili wa mtu mzima mwenye uzani wa kilo 70 huwa na takriban lita 42 za maji. Kati ya hizo, karibu lita 28 zimo ndani ya chembechembe za mwili. Lita 14 zilizosalia ziko nje ya chembechembe hizo, na ni lita tatu hivi pekee zilizomo katika sehemu ya majimaji ya damu. Nyingine ziko katika nafasi zilizopo baina ya chembechembe.

Mgawanyo huu ndio chanzo cha ugumu wote. Daktari anapoingiza lita moja ya maji ya chumvi mshipani, nia yake huwa ni kujaza mishipa ya damu ili moyo upate kitu cha kusukuma. Lakini maji hayo hayatulii humo. Katika muda wa saa moja au mbili, sehemu kubwa huwa imepenya kuta za mishipa na kuingia katika minofu, hivi kwamba ni karibu robo tu inayobaki katika mzunguko wa damu.

Kwa mtu mwenye afya hilo si tatizo, kwani figo huyaondoa maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Kwa mgonjwa mahututi mambo ni tofauti. Maambukizi makali na majeraha makubwa huharibu utando wa ndani wa mishipa midogo, nayo huanza kuvuja. Isitoshe, mwili uliopatwa na maumivu au kisu cha upasuaji hutoa homoni zinazozuia mkojo. Hivyo basi, mgonjwa anayehitaji maji zaidi ndiye pia asiyeweza kuyastahimili yakizidi.

Asili ya tiba hii

Tiba ya maji ya mshipani ilizaliwa na kipindupindu. Mwishoni mwa mwaka wa 1831, daktari kijana William Brooke O'Shaughnessy aliichunguza damu ya wagonjwa wa kipindupindu nchini Uingereza na kugundua kuwa ilikuwa imepoteza maji na chumvi kwa wingi. Mwaka uliofuata, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith, Scotland, aliamua kurejesha kile kilichopotea kwa kukiingiza moja kwa moja mshipani.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee aliyekuwa ukingoni mwa kaburi. Latta alimwingizia painti sita za maji ya chumvi, ambazo ni zaidi ya lita tatu, na mama huyo akafufuka mbele ya macho yake: mapigo ya moyo yakarejea, uso ukapata rangi na sauti ikasikika. Daktari akaenda kupumzika, akimwacha chini ya uangalizi wa mwenzake. Kuhara na kutapika kukarudi, maji hayakuongezwa, na baada ya saa chache mgonjwa akafariki.

Kisa hicho cha mwaka wa 1832 kina mafunzo mawili ambayo bado yana uzito. La kwanza ni kwamba maji yanaweza kumrudisha mtu kutoka kwa mauti. La pili ni kwamba matokeo mazuri ya saa ya kwanza si ithibati kuwa mgonjwa amepona. Anayetundikiwa maji na kuachwa bila kuangaliwa tena hajatibiwa.

Maji si ya aina moja

Baadhi ya watu hudhani kuwa chupa zote hospitalini zina kitu kimoja. La hasha. Yapo makundi makuu matatu.

Kundi la kwanza ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye gramu tisa za chumvi ya kawaida katika kila lita. Ndiyo yanayotumika zaidi duniani, na ni ya bei nafuu. Kasoro yake ni kwamba kiwango chake cha kloridi, milimoli 154 kwa lita, kimezidi kile cha damu ambacho ni takriban 100. Yakitolewa kwa wingi, huongeza asidi katika damu.

Karibu nayo ni maji ya Ringer yenye laktati, ambayo pia hujulikana kwa jina la Hartmann. Mchanganyiko huu ulianzishwa na Mwingereza Sydney Ringer katika miaka ya 1880 na kuboreshwa na daktari wa watoto wa Marekani, Alexis Hartmann, katika miaka ya 1930. Chumvi zake zinakaribiana zaidi na zile za damu. Utafiti uliofanyiwa wagonjwa 15,802 mahututi nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa maji ya aina hii yalipunguza kidogo vifo na madhara ya figo yakijumlishwa pamoja: asilimia 14.3 ikilinganishwa na 15.4. Tafiti nyingine kubwa za Brazil mwaka wa 2021, na za Australia na New Zealand mwaka wa 2022, hazikuona tofauti katika vifo. Kwa mgonjwa aliyeumia ubongo, maji ya chumvi ya kawaida ndiyo yanayopendelewa.

Kundi la pili ni maji ya sukari ya asilimia tano. Mwili hutumia sukari hiyo haraka na kinachosalia ni maji matupu, ambayo huingia ndani ya chembechembe. Hayafai kumwokoa mtu anayevuja damu. Yakitolewa kwa wingi bila chumvi, hasa kwa watoto na wagonjwa waliotoka kupasuliwa, hupunguza sodiamu ya damu, ubongo huvimba, na mgonjwa huweza kupatwa na degedege au kufariki.

Kundi la tatu ni maji mazito yenye chembe kubwa, kama vile albumini inayotokana na damu ya binadamu, au wanga uliotengenezwa viwandani. Kwa miaka mingi wanga huo ulisifiwa kuwa hubaki mishipani kwa muda mrefu. Mwaka wa 2012, utafiti wa nchi za Scandinavia uliowahusu wagonjwa 798 wenye maambukizi makali ulitoa jibu tofauti: asilimia 51 ya waliopewa wanga walikuwa wamefariki kufikia siku ya 90, ikilinganishwa na asilimia 43 ya waliopewa maji ya Ringer. Waliohitaji kusafishwa damu kwa mashine pia walikuwa wengi zaidi. Mnamo 2022, Muungano wa Ulaya ulisimamisha idhini ya kuuza maji hayo.

Mgonjwa wa upasuaji

Kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1960, madaktari wa nusukaputi walifundishwa kuwa mgonjwa aliyefunguliwa tumbo hupoteza maji mengi yasiyoonekana, na kwamba ni lazima yafidiwe kwa ukarimu. Haikuwa ajabu mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji akiwa ameongezeka kilo kadhaa. Uzani huo haukuwa wa nyama wala mafuta, bali wa maji. Kila kilo moja inayoongezeka kwa siku moja au mbili ni sawa na takriban lita moja.

Mwaka wa 2003, watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 172 waliopasuliwa utumbo mpana. Waliopewa maji kwa kipimo kidogo walipata matatizo kwa asilimia 33, ilhali wale wa desturi ya zamani walifikia asilimia 51. Utumbo uliovimba kwa maji hukawia kuanza kazi, na mahali uliposhonwa huwa hatarini kuachia.

Baada ya hapo, baadhi ya hospitali zikaenda upande wa pili na kuwabania wagonjwa maji. Utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 3,000 uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwarudisha katikati. Kundi lililobaniwa lilipata takriban lita 3.7 katika saa 24 za kwanza, na lile la pili lita 6.1. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliokuwa hai bila ulemavu ilikaribiana mno, asilimia 81.9 na 82.3. Lakini waliobaniwa waliumia figo zaidi: asilimia 8.6 dhidi ya 5.0. Fundisho ni kwamba pande zote mbili za njia zina shimo.

Utunzaji wa maji huanza hata kabla ya kisu. Mazoea ya kumnyima mgonjwa maji ya kunywa tangu jioni, ilhali zamu yake ya kupasuliwa itafika adhuhuri, hayana msingi wa kisayansi kwa wagonjwa wengi. Miongozo ya kimataifa huruhusu chakula chepesi hadi saa sita kabla ya nusukaputi, na maji safi hadi saa mbili kabla, isipokuwa kwa wale ambao tumbo lao hukawia kusukuma chakula au wenye hali ya dharura. Kadhalika, baada ya upasuaji, mgonjwa anayeweza kunywa na kula bila kutapika hana haja ya chupa. Kinywa ndicho njia bora.

Asiyeweza kunywa, lakini hapotezi maji kwa njia isiyo ya kawaida, huhitaji takriban mililita 25 hadi 30 za maji kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni lita moja na nusu hadi karibu lita mbili. Juu ya hapo huongezwa kile kinachopotea kwa kutapika, kuhara, mipira ya kutoa uchafu tumboni au damu.

Kuhusu damu, ipo hadhari ya pekee. Mtu anayevuja damu huhitaji mambo mawili: uvujaji ukomeshwe na damu irejeshwe. Maji mengi ya chumvi hufanya damu iwe nyepesi, hupunguza uwezo wake wa kuganda na kupandisha shinikizo kiasi cha kung'oa mabonge yaliyoziba jeraha. Mjini Houston, Marekani, utafiti wa 1994 uliohusu watu 598 waliochomwa visu au kupigwa risasi kifuani na tumboni ulionyesha kuwa asilimia 70 ya waliocheleweshewa maji hadi wafike chumba cha upasuaji walinusurika, dhidi ya asilimia 62 ya waliopewa mara moja.

Funzo la Kilifi

Utafiti uliowashtua wengi zaidi ulifanyiwa Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi, miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutofika viungoni apewe maji mengi kwa haraka. Hakuna aliyekuwa ameithibitisha desturi hiyo kwa majaribio makubwa.

Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, aliyekuwa na makao yake katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, waliamua kuipima. Utafiti huo uliopewa jina FEAST ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 ambao shinikizo lao la damu halikuwa limeshuka sana waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili albumini kwa haraka, na la tatu maji ya polepole ya kukidhi mahitaji ya kawaida tu. Wote walipata viuavijasumu, dawa za malaria, sukari, oksijeni na damu walipohitaji.

Wengi walitarajia kuwa kundi la tatu lingefanya vibaya. Ikawa kinyume. Katika saa 48, watoto waliofariki walikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika lile la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika lile lisilopewa maji ya haraka. Kwa maneno mengine, kwa kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi, walifariki watatu zaidi. Kamati huru iliyosimamia usalama ilipendekeza usajili usitishwe mnamo Januari 2011, na matokeo yakachapishwa mwaka huo huo.

Lililowashangaza zaidi wataalamu ni kwamba, baada ya saa ya kwanza, waliopewa maji ya haraka ndio waliokuwa wakionekana kupata nafuu. Asilimia 43 yao walikuwa wameondokewa na dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu, ikilinganishwa na asilimia 32 ya wenzao. Muuguzi au daktari aliyetazama kwa macho yake angeapa kuwa tiba inafanya kazi. Vifo vilikuja baadaye, na uchambuzi wa mwaka wa 2013 ukaonyesha kuwa sababu kuu ya ziada hiyo ya vifo ilikuwa kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu, wala si mapafu kujaa maji kama ilivyodhaniwa.

Ikumbukwe kwamba kipimo kilichotumika hakikuwa cha kutisha. Mtoto wa kilo 10 alipata mililita 200 hadi 400, yaani chini ya chupa moja ya nusu lita. Theluthi moja hivi ya watoto hao walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na zaidi ya nusu walikuwa na malaria.

Mwaka wa 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilirekebisha mwongozo wake. Mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu hapaswi kupewa maji ya haraka. Mwenye mshtuko kamili, yaani mikono na miguu baridi, damu inayokawia zaidi ya sekunde tatu kurejea kwenye ukucha uliobinywa, na mapigo dhaifu yaendayo mbio, vyote vitatu kwa pamoja, hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo katika dakika 30 hadi 60, huku akichunguzwa.

Ni muhimu kusisitiza kwamba FEAST haikuwahusu watoto wanaohara, wenye utapiamlo mkali, walioungua au waliohitaji upasuaji. Mtoto aliyekauka maji kwa sababu ya kuhara bado huokolewa kwa maji. WHO huelekeza kuwa aliyekauka vibaya, mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi, apewe mililita 30 kwa kila kilo katika nusu saa, kisha 70 kwa kila kilo katika saa mbili na nusu. Chini ya umri huo, muda ni saa moja na kisha saa tano. Mzazi asimnyime mtoto wa kipindupindu maji kwa kusikia habari za Kilifi. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa pekee, kwani moyo wake ni dhaifu.

Watu wazima nao

Mwaka wa 2001, utafiti wa mjini Detroit, Marekani, uliowahusu wagonjwa 263 wenye maambukizi makali ulionyesha kuwa tiba ya haraka yenye maji mengi ilipunguza vifo kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Dunia nzima ikaiga. Tafiti tatu kubwa zaidi za Marekani, Australia na Uingereza, zilizotolewa mwaka wa 2014 na 2015, hazikuona faida hiyo tena.

Kwa Afrika, jibu lilikuwa chungu zaidi. Katika hospitali kuu ya mafunzo ya Lusaka, Zambia, watu wazima 212 wenye maambukizi makali na shinikizo la chini la damu waligawanywa katika makundi mawili. Wengi wao waliishi na virusi vya Ukimwi. Kati ya waliopewa maji mengi kwa utaratibu maalumu, asilimia 48.1 walifariki hospitalini. Katika kundi la matibabu ya kawaida, walikuwa asilimia 33. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2017.

Kinyume chake, utafiti wa Ulaya wa 2022 na ule wa Marekani wa 2023, kila mmoja ukiwa na wagonjwa zaidi ya 1,500, haukuona tofauti ya vifo kati ya maji mengi na machache. Tofauti hii ina sababu. Katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya nchi tajiri, anayezidiwa na maji huwekewa mashine ya kupumulia au ya kusafisha damu mara moja. Katika wadi yenye vitanda vingi na muuguzi mmoja usiku, kosa dogo halina wa kulirekebisha. Kwa hivyo, mwongozo ulioandikwa kwa hospitali moja unaweza kuwa hatari ukipelekwa kwingine kama ulivyo.

Dalili ya mvua ni mawingu

Mwaka wa 2016, hospitali 247 za nchi 25 za Afrika zilishiriki katika uchunguzi uliofuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kuwa asilimia 18.2 walipata matatizo baada ya kupasuliwa, na asilimia 2.1 walifariki. Kiwango hicho cha vifo kilikuwa maradufu ya wastani wa dunia, ilhali wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye magonjwa machache. La kutia uchungu ni kwamba zaidi ya asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Wagonjwa hao hawakufia mezani. Walifia wadini, ambako dalili zilikuwa na muda wa kuonekana.

Kutabiri nani atapatwa na matatizo ni elimu iliyoendelea sana. Kabla ya upasuaji, madaktari huangalia umri, magonjwa ya moyo, figo, mapafu na kisukari, kiwango cha damu, na kama upasuaji ni wa dharura. Upo mfumo wa POSSUM uliobuniwa Uingereza mwaka wa 1991, unaojumlisha vipimo 12 vya hali ya mgonjwa na sita vya upasuaji wenyewe.

Kwa hospitali zisizo na maabara kubwa, mfumo rahisi ulitolewa mwaka wa 2007 na kundi la daktari Atul Gawande wa Marekani. Hutumia mambo matatu tu ya chumba cha upasuaji: kiasi cha damu iliyopotea, kasi ya chini kabisa ya moyo na shinikizo la chini kabisa la damu. Alama ya juu ni 10. Katika utafiti wa awali, waliopata alama nne au chini yake walipata matatizo makubwa au kufariki kwa asilimia 58.6, ilhali waliopata tisa au 10 walikuwa asilimia 3.6 pekee.

Wadini, Uingereza ilianzisha mwaka wa 2012 mfumo wa kuhesabu alama za onyo, ambao uliboreshwa mwaka wa 2017. Muuguzi hupima kasi ya kupumua, oksijeni ya damu, joto, shinikizo la damu, mapigo ya moyo na ufahamu. Alama tano ni ishara ya kumwita daktari haraka. Saba ni dharura. Kati ya vipimo hivyo, kasi ya kupumua ndiyo inayopuuzwa mara nyingi, ilhali hupanda mapema. Shinikizo la damu nalo hudanganya: kijana anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake kabla halijashuka waziwazi.

Kuhusu maji yenyewe, yapo maswali manne ambayo daktari mwangalifu hujiuliza kabla ya kufungua chupa nyingine. Mkojo unatoka kiasi gani? Mtu mzima anapaswa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 30 kwa mtu wa kilo 60. Je, uzani umepanda? Ukizidi asilimia 10 ya uzani wa awali, hatari ya kifo huongezeka. Je, ukucha ukibinywa, rangi hurejea upesi? Utafiti wa nchi tano za Amerika Kusini uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa kuongozwa na kipimo hiki cha bure hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kupima laktati ya damu mara kwa mara. Na je, moyo utayapokea maji hayo?

Swali hili la mwisho lina jaribio lisilogharimu kitu. Miguu ya mgonjwa huinuliwa kwa nyuzi 45 kwa muda wa dakika moja hivi, na damu kiasi cha mililita 300 hurudi kwenye moyo kutoka miguuni. Moyo ukisukuma damu zaidi, huenda maji yatamfaa. Usiposukuma, hakuna sababu ya kuongeza. Miguu ikishushwa, hali hurejea kama ilivyokuwa, jambo ambalo haliwezekani kwa maji yaliyokwisha kuingia mshipani.

Hata hivyo, utabiri peke yake hauokoi mtu. Utafiti mwingine mkubwa wa Afrika uliochapishwa mwaka wa 2021 ulijaribu kuwatambua wagonjwa wa hatari na kuelekeza waangaliwe kwa karibu zaidi baada ya upasuaji. Vifo havikupungua. Wauguzi hawakuongezwa, wala vitanda vya wagonjwa mahututi. Kujua kuwa nyumba itaungua hakuna maana ikiwa hakuna wa kuleta maji.

Wajibu wa jamaa

Jamaa za mgonjwa wana nafasi yao. Ni haki yao kuuliza kwa adabu maji yaliyotundikwa ni ya nini na yatakwisha lini. Wasifungue wala kukaza kidhibiti cha matone kwa lengo la kuharakisha chupa iishe, kwani kasi hiyo imekusudiwa. Chupa zenye potasiamu zikiingizwa kwa haraka huweza kusimamisha moyo.

Aidha, wamwarifu muuguzi bila kukawia wanapoona mgonjwa anahema kwa kasi au anashindwa kulala chali, anakohoa povu, uso na miguu vinavimba, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, au amechanganyikiwa ghafla. Wanaomnywesha mgonjwa maji, uji au maziwa waseme kiasi alichokunywa ili kiandikwe katika kadi yake, na wasimwage mkojo kabla haujapimwa. Wasimdai daktari chupa nyingine kwa sababu tu ile ya kwanza imekwisha.

Karibu miaka 200 baada ya Latta, chupa ya maji ingali miongoni mwa silaha bora za tiba. Aliyekauka kwa kipindupindu, aliyeungua vibaya na anayengoja damu baada ya ajali bado wanaihitaji. Lakini watoto wa Kilifi, Muheza, Soroti na Mbale waliifundisha dunia kuwa nafuu ya saa moja si uhai wa siku mbili. Kinachomwokoa mgonjwa si chupa pekee, bali ni mtu anayerudi kitandani kumtazama tena, akahesabu pumzi zake, akapima mkojo wake na kuamua kama aongeze, apunguze au aache.